Upande wa Kushoto wa Lusungu

Tulimzika Mwalimu Sanga mwezi uliopita, huko Yakobi, nyuma ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, kwenye kipande cha shamba alichopanda miparachichi baada ya kustaafu. Ilikuwa siku ya ukungu mzito. Mchungaji alisoma akiwa amekisogeza kitabu karibu na pua, na kwaya ya akina mama ilipoanza kuimba mvuke uliwatoka vinywani. Baada ya mashada tulikaribishwa chini ya turubai, tukapewa wali, maharage na kabichi. Nilikuwa bado natafuta pa kuweka kikombe changu cha chai, mara mtu mmoja mrefu mwenye koti la mvua akavuta kiti na kukaa kulia kwangu. Viti vilikuwa vitupu pande zote mbili. Nilimjua kabla sijamtazama usoni, kwa sababu katika maisha yangu yote nimemjua mtu mmoja tu ambaye kila alipokaa nami alihakikisha mimi niko kushoto kwake.

"Kamwene, Festo," alisema.

"Kamwene, Lusungu."

"Umenenepa."

"Ni uzee huo."

Hatukuwa tumeonana kwa miaka thelathini na kitu. Alinieleza kwamba ametoka Mawengi, kule Ludewa, kijijini kwa mke wake, anakolima viazi na mahindi, na kwamba amesafiri kutwa nzima ya jana yake ili kuwahi. Nikamwambia amefanya vizuri, Mwalimu angefurahi. Akachota wali, akautafuna taratibu, kisha akasema kwa sauti ile ile ya kawaida, "Nimekuja kumsamehe. Nimechelewa, lakini nimekuja." Niliinamia sahani yangu kama mtu anayetafuta mawe kwenye maharage. Ninaandika habari za mwaka ule kwa sababu ya maneno hayo.

Mwaka ule tulikuwa na miaka kumi na tisa, wote tumemaliza kidato cha nne, wote ni makipa. Timu ya mji wa Njombe ilicheza ligi ya mkoa, na kocha wake alikuwa Mwalimu Sanga, Mkinga kutoka Makete, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mfupi aliyevaa sweta moja la kijivu tangu Januari hadi Desemba. Kwa kuwa mimi na Lusungu tulitoka mbali, Mwalimu alituweka nyumbani kwake, chumba cha nyuma. Kilikuwa na vitanda viwili, na chini ya vitanda Mama Sanga alihifadhi viazi vya mbegu, kwa hiyo tuliishi mwaka mzima katika harufu ya udongo na machipukizi. Chumba chetu na sebule vilitenganishwa na ukuta wa mbao za msindano ambazo zilikauka zikaachana. Jikoni moto haukuzimwa. Tulikula ugali na njegere, ugali na maharage, na siku za mechi Mama Sanga alitupa yai kila mmoja, akisimama kuhakikisha Lusungu hanipi la kwake. Lusungu alikuwa anapenda kutoa alichonacho, na ndivyo alivyodaka pia.

Sijawahi kuona kipa kama yeye, na baadaye nilikaa karibu na makipa wa timu kubwa. Wengi tunasubiri mpira utufikie. Lusungu aliufuata. Krosi ikipigwa, wakati mabeki bado wanainua vichwa, yeye alikuwa ameshatoka, goti moja juu, na mpira unalia kwenye viganja vyake kama mlango uliofungwa kwa nguvu. Mimi nilikuwa kipa wa pili, wala hakuna aliyebisha, hata mimi mwenyewe.

Wiki ya tatu ya kulala chumba kimoja ndipo nilipoligundua jicho. Nilimpa kikombe cha chai kutoka upande wa kitanda changu, naye akaendelea kufunga kamba za viatu, kikombe kikiwa kimekaribia kugusa shavu lake. Nikadhani ananidharau. Nilipoongea alishtuka, mkono ukapiga kikombe, chai ikamwagikia viazi. Alimaliza kufunga kamba, kisha akaniambia. Alipokuwa mdogo kijiti cha mti wa mwati kiliruka wakati wanapasua kuni, kikamwingia jicho la kushoto. Ukilitazama lilikuwa jicho kama la mtu yeyote, ila halikuona kitu. "Ukimwambia mtu, mimi nimekwisha," alisema. Nikamwahidi, na kwa miezi mingi niliishika ahadi hiyo kuliko nilivyoshika sala zangu. Asubuhi kabla ya mazoezi tulikwenda uwanjani wawili tu, nyasi bado zina barafu nyembamba, nikawa nampigia mipira ya kushoto mia, mia mbili, hadi akajua kusimama akiwa ameupinda uso kidogo, jicho zima likiwa mbele. Siku za mechi nilikaa nyuma ya goli, karibu na nguzo ya kushoto, nikamwitia: "Wa pili huyo! Anakuja!" Watu walidhani ninamshangilia.

Mzee Athumani alikuja mara ya kwanza mwezi wa tatu, kwenye mvua. Alitumwa na timu moja kubwa ya Dar es Salaam kutafuta kipa kijana. Zamani alikuwa kipa yeye mwenyewe, na vidole vyake vilikuwa vimepinda kila kimoja kwa njia yake. Mama Sanga alimpa blanketi, akakaa nalo mabegani muda wote aliokuwa Yakobi, akiuliza, "Nyie huku mnaishi au mmehifadhiwa?" Uwanjani hakukaa jukwaani na viongozi. Alikaa nyuma ya goli, hatua chache kutoka nilipokuwa mimi, na daftari lake ndani ya mfuko wa plastiki. Nilichungulia alichoandika. Hakuhesabu mipira iliyodakwa. Aliandika miguu ya kipa inafanya nini kabla ya shuti kupigwa, anawaambia nini mabeki baada ya kufungwa, anautazama vipi mpira ambao si wake. Mara moja alinigeukia akaniuliza, "Wewe ndiye namba mbili?" Nikasema ndiyo. "Unapiga kelele nyingi kwa kipa wa akiba," akasema, akarudi kwenye daftari.

Mwezi wa saba, wakati wa baridi kali, Lusungu alitoka kudaka kona na mshambuliaji akamjia kutoka upande usioona. Niliita. Upepo ulichukua sauti, au nilichelewa, sijui hadi leo. Goti lilimpata kwenye kipaji cha uso. Alianguka kama gunia, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu anayelia, ilikuwa ya mtu anayekoroma. Tulimbeba nyuma ya lori la mbao mpaka hospitali ya Ilembula, Mwalimu ameshika kichwa chake mapajani, mimi nimeshika miguu. Siku mbili hakumtambua mtu. Siku ya tatu aliamka, akaomba uji, na daktari aliyempima alitoka akamwuliza Mwalimu kama anajua kwamba kijana huyu ana jicho moja.

Tuliporudi Yakobi ndipo nilipomsikia Mwalimu Sanga akipaza sauti kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Alisimama mlangoni mwa chumba chetu. "Sitakulea nyumbani kwangu ili ukafie golini. Mzee Athumani akirudi, nitamwambia."

"Ukimwambia, Mwalimu, utakuwa umeniua wewe."

"Mimi? Mimi ndiye ninayekuua?"

"Mwalimu, mimi sina kingine," Lusungu akasema, na akageukia ukuta.

Maneno hayo yalikaa ndani ya nyumba kwa wiki kadhaa. Kisha jioni moja nikiwa jikoni namenya viazi, Mwalimu aliingia kuota moto, akasema taratibu bila mimi kumwuliza: "Nimeomba sana juu ya jambo lile, Festo. Nimeona si langu kulisema. Mwili ni wake, na ameniomba. Nitanyamaza." Hakumwambia Lusungu, maana alikuwa mtu wa kuona aibu kurudi kwenye jambo alilolikemea. Aliacha tu kulitaja. Mimi peke yangu nilijua kwamba Mwalimu amenyamaza.

Mzee Athumani alirudi mwezi wa tisa. Jumapili baada ya ibada, Lusungu alikwenda na vijana wa kwaya, mimi nikabaki kitandani na mafua. Mvua ya ghafla ilikuwa imepita na bati lilikuwa linadondosha matone. Sebuleni Mama Sanga aliwaandalia wazee viazi vya kuchemsha na chai, akatoka. Nilisikia vikombe, nikasikia viazi vikimenywa. Nilijisogeza kwenye mwanya wa mbao. Nilitaka kusikia habari za Lusungu ili nimpelekee.

"Yule ni kipa," Mzee Athumani alikuwa anasema. "Nazunguka nchi hii miaka mingi, Mwalimu. Wa namna ile ukimpata mmoja unashukuru."

"Na huyu mwingine? Festo?"

Kijiko kilizunguka kwenye kikombe.

"Mikono safi. Anajua kusimama. Hakosei."

"Sasa si ndiyo vizuri?"

"Hakosei kwa sababu hatoki, Mwalimu. Mpira wa hatari anauacha uamuliwe na wengine. Atakuwa kipa wa akiba mzuri sana. Timu kubwa zinahitaji mtu wa kukaa, asiyelalamika."

Mwalimu akasema, "Ni mtoto mwema."

"Sikusema si mwema."

Nililala pale, blanketi limefika kidevuni, natazama dari. Nimesikia mambo mengi mabaya juu yangu tangu siku ile, mengine kutoka kwa watu niliowapenda, na hakuna lililoniingia kama lile, kwa sababu lilisemwa bila chuki, na mtu anayekula kiazi, na lilikuwa kweli. Lusungu aliporudi akauliza, "Umesikia chochote?" Nikamwambia nilikuwa nimelala. Kuanzia hapo niliendelea kumpigia mipira asubuhi, niliendelea kumwitia nyuma ya goli, lakini kitu kilikuwa kimebadilika. Wakati mwingine niliita baadaye kidogo kuliko ilivyotakiwa, nione itakuwaje. Sijawahi kumwambia mtu hilo hadi sasa.

Majaribio ya mwisho yalikuwa Makambako, mwezi wa kumi na moja. Timu ile ya Dar ilikuwa inapita kwenda Mbeya, ikakubali kucheza siku mbili na kombaini ya kwetu ili kipa aonekane. Mwalimu alitupeleka. Uwanja ulikuwa jirani na reli, mtupu, wenye vumbi, na ule upepo wa Makambako usiopumzika, mpira unapigwa kuelekea hapa unatua kule. Lusungu alidaka siku zote mbili kama mtu aliyeambiwa kwamba dunia inaishia pale. Siku ya pili alipangua penalti, akainuka, akapangua na mpira wa kurudi, na wachezaji wa Dar wenyewe wakampigia makofi. Niliona Mzee Athumani amefunga daftari. Hakuwa na la kuandika tena.

Asubuhi iliyofuata tulikunywa chai katika gesti waliyofikia wale wa Dar, kwenye ukumbi mdogo wenye pazia la maua na redio iliyokuwa inasoma vifo na salamu. Kulikuwa na chapati, supu ya mbuzi, na chupa mbili za chai. Mwalimu na Lusungu walikuwa wamekwenda kutafuta picha za pasipoti za kubandika kwenye fomu. Mezani tulibaki watatu: mimi, Mzee Athumani, na Katibu wa timu ya Dar, mwanamume mwenye miwani na kalamu mbili mfukoni, ambaye hakuzungumza mpira kabisa. Alikuwa anajaza fomu ya Lusungu. Jina. Mahali alipozaliwa. Urefu. Akafika mahali akasimama.

"Ana tatizo lolote la afya?"

"Hana," Mzee Athumani akajibu haraka, huku akivunja chapati.

"Namwuliza kijana anayelala naye." Katibu alinitazama juu ya miwani. "Ana tatizo?"

Mzee Athumani naye alinitazama. Nakumbuka macho yake vizuri kuliko ninavyokumbuka sura ya marehemu baba yangu. Hayakuwa yanauliza. Yalikuwa yanasihi, na mimi sikuelewa kwa nini.

"Jicho la kushoto halioni," nikasema.

Katibu aliiweka kalamu chini. "Halioni kidogo, au halioni?"

"Halioni kabisa. Mwezi wa saba aligongwa akazimia siku mbili."

Redio iliendelea kusoma salamu. Katibu aliikunja fomu mara mbili, akaitia kwenye mkoba, akachomoa nyingine mpya. "Hatuwezi kurudi mikono mitupu," alimwambia Mzee Athumani. "Huyu ni mzima?" Mzee Athumani aliisukuma kando sahani ya chapati. Katibu akaniuliza mimi jina langu kamili, nami nikamtajia, herufi kwa herufi, na mkono wangu ukaendelea kushika kikombe cha chai.

Mzee Athumani alinikuta nje, kwenye ukuta unaotazama reli. Upepo ulikuwa unalipeperusha koti lake. "Nilijua tangu mvua za mwezi wa tatu," alisema. "Kipa anayepinda uso vile, na mwenzake anayepiga kelele vile? Mimi si mtoto."

"Sasa mbona hukumwambia Katibu?"

"Kwa sababu hakuna aliyekuwa amelisema. Mimi naandika ninachokiona golini. Golini nilimwona kipa. Lakini likishatamkwa mezani mbele ya fomu, basi, limekwisha."

"Angekufa," nikasema. "Nimemwokoa."

"Inawezekana." Alifikicha vidole vyake vilivyopinda. "Inawezekana kabisa. Na inawezekana ndiyo sababu iliyokufanya useme. Hilo utalijua mwenyewe, mimi siwezi kukujulia."

Nimelijua. Nilijaribu miaka mingi kujishawishi kwamba nililiona lile goti likirudi, kwamba nilisikia ule mkoromo. Ni kweli, vyote vilinijia. Lakini pale mezani, wakati kinywa kinafunguka, nilichosikia ni kijiko kikizunguka kwenye kikombe nyuma ya ukuta wa mbao, na mtu akisema hatoki. Nilitaka mara moja tu nitoke.

Katibu ndiye aliyempa Lusungu habari, kwa ufupi, mbele ya gesti, picha zake nne bado zimelowa mkononi. Hakumwambia ni nani aliyesema. "Tumepata taarifa ya jicho," ndivyo alivyosema. Lusungu hakunigeukia mimi. Alimgeukia Mwalimu Sanga. Kwa alivyojua yeye, watu waliojua walikuwa wawili tu, na mmoja alikuwa ameshaapa mlangoni kwamba atasema. Alimtazama kwa muda, kisha akamwambia, "Umefanya ulichosema." Mwalimu alifungua kinywa, akanitazama, akaona uso wangu, akaelewa. Naye akafunga kinywa. Hakujitetea. Nilisimama hatua tatu kutoka kwao, na nilikuwa na muda wa kutosha. Pale ningeweza kusema, nami sikusema.

Lusungu aliondoka na lori la mbao siku ile ile bila kurudi Yakobi kuchukua nguo zake. Mjini habari zilienea kwamba Mwalimu alimuuza kijana wake. Vijana waliacha kuja mazoezini, mmoja mmoja, na ilipofika Pasaka timu haikuwepo. Walimu wenzake walimsalimia kwa mbali. Mimi nilikwenda Dar, nikakaa benchi misimu miwili kama nilivyotabiriwa, nikacheza mechi ambazo matokeo yake hayakuwa na maana kwa mtu yeyote, kisha nikarudi Makambako, nikafungua duka la vifaa vya ujenzi. Kabla sijaondoka kwenda Dar, Mwalimu alinisindikiza hadi stendi akiwa amebeba begi langu. Alisema neno moja tu juu ya jambo lile. "Kamwambie mwenyewe, Festo. Mimi sitakusemea, wala kwake, wala kwa mtu mwingine." Kila tulipokutana katika miaka iliyofuata aliniuliza afya, watoto, biashara, kisha alikaa kimya kidogo akinipa nafasi. Nami nilimwaga maneno mengine kuijaza.

Chini ya turubai, nikiwa na miaka zaidi ya hamsini, niliiweka sahani kwenye nyasi. Nikamwambia Lusungu, "Si Mwalimu aliyesema. Ni mimi."

Alikuwa na kijiko hewani. Alikirudisha kwenye wali polepole sana.

"Kwa Katibu? Pale Makambako?"

"Ndiyo. Mwalimu alikuwa na wewe, kwenye picha."

Nilimwona akiirudia ile asubuhi kichwani mwake, anahesabu nani alikuwa wapi. Kitu rahisi vile, na katika miaka yote ile hakuwahi kukihesabu, kwa sababu alikuwa ameniondoa kwenye hesabu tangu mwanzo.

"Yeye alijua ni wewe?"

"Alijua siku ile ile."

"Alikuja Mawengi mara mbili," Lusungu akasema. "Alitembea kutoka barabarani akiwa na mguu mmoja mbovu. Mara ya pili nilimwagiza mke wangu amwambie sipo. Nilikuwa nyuma ya ghala, namsikia anakohoa. Alikaa mpaka jua likageuka. Akamwachia mke wangu mfuko wa viazi vya mbegu, akaenda." Aliiweka sahani kando. "Kwa nini hakusema, Festo? Alikuwa anakuja kufanya nini, kama hasemi?"

"Aliniambia ni langu kulisema."

"Ukamwacha mpaka amekufa."

"Ndiyo."

Nilidhani atanipiga, na nilitamani anipige. Aliinuka, akaikunja kofia yake, akavuka uwanja hadi nyumbani, ambako Mama Sanga alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake wa ukoo. Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona anapiga magoti, mtu mzima mwenye mvi, anashika mikono ya yule mama, anasema kwa muda mrefu. Mama Sanga alimsikiliza bila kusogea. Kisha alimwekea kiganja kichwani, akainua uso, akatazama nje, moja kwa moja mpaka pale nilipokuwa.

Watu walianza kutawanyika. Vijana walifungua kamba za turubai, wakakusanya viti, nami nikabaki nimekalia cha kwangu. Mwishowe Mama Sanga alikuja mwenyewe, anajikokota na fimbo, khanga nyeusi kichwani. Nilisimama nikamshika mkono. Ni mwanamke aliyenipikia mwaka mzima, aliyenisugua kifua kwa mafuta nilipougua.

"Pole tena, mama," nikasema.

"Tumeshapoa, mwanangu. Asante kwa kuja." Sauti yake ilikuwa ya upole, ile ile aliyotumia kwa wageni wa ofisini waliomjia mumewe. "Lusungu atalala hapa, kwenye chumba chenu. Gari la mwisho la kwenda Makambako linaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, mama."

Alitazama ukungu uliokuwa unashuka barabarani. "Basi anza kwenda," akasema, "usije ukalikosa."